Mali Bila Daftari

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, fundi wa simu hufungua mwavuli wake kando ya soko hapa Kisangani. Juu ya meza ndogo hupanga bisibisi zake, gundi, brashi ya meno, na simu zilizokufa ambazo huzitunza kama akiba ya vipuri. Waendesha baiskeli wa toleka hupita wakipiga kengele, na pikipiki, ambazo zimewanyang'anya wengi wao kazi, huwapita kwa kelele. Mama mmoja aja na simu iliyoanguka katika ndoo ya maji. Fundi aifungua, aikausha, aitazama kwa jicho moja, kisha ataja bei, na mama ataja nusu ya bei hiyo.

Ni jambo la kila siku, wala hakuna ajabu ndani yake. Lakini yafaa tukae kidogo karibu na meza hiyo, tukitazama kilichomo ndani ya simu kabla haijafungwa tena.

Betri yake ina kobalti. Kongo yetu hutoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti yote inayochimbwa duniani, na karibu yote hutoka kusini, katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Vile vijidude vidogo mfano wa punje ya mtama, ambavyo kazi yake ni kushika umeme kidogo na kuuachia kwa kipimo, huwa na madini ya tantali. Na tantali hupatikana katika koltani, lile jiwe jeusi zito la Kivu na Maniema. Kiunganishacho nyaya ni bati. Kuna na chembe ya dhahabu, ndogo kiasi kwamba huioni. Simu hii imetengenezwa mbali, ikavuka bahari, ikauzwa kwetu. Lakini baadhi ya vipande vyake huenda viliwahi kubebwa mgongoni na kijana wa nchi hii hii, ndani ya mfuko wa kitani.

Sasa tazama upande wa pili. Kampuni ya Apple ya Marekani ilipata katika mwaka wake wa hesabu wa 2024 faida ya karibu dola bilioni 94. Hiyo ni faida tu, baada ya kuwalipa wafanya kazi, viwanda na kodi. Mwaka huo huo pato la Kongo nzima, yaani thamani ya mazao yote, madini yote na kazi zote za watu zaidi ya milioni 100, lilikuwa dola bilioni 70 hivi. Kampuni moja, yenye watu wasiojaza hata mji wetu mmoja, imepata ziada inayoshinda jasho la taifa zima.

Haitakuwa haki kusema kwamba faida hiyo yote imetoka katika mawe yetu. Madini yaliyomo ndani ya simu moja si ya bei kubwa. Faida yatoka katika akili za mainjinia, katika programu, katika matangazo, na katika mapenzi ya watu kwa jina la kampuni. Asemaye kwamba tungekuwa matajiri kama Apple kama tusingeibiwa koltani ajidanganya, na tena awadanganya wengine. Shida yetu i mahali pengine. Wafanya biashara wa Kiswahili wana mithali: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali iliyotoka hapa kwa muda wa miaka 140 imeandikwa katika daftari za nani? Na nani ameruhusiwa kuzisoma?

Karani wa Antwerp

Mji wetu una kisa cha zamani juu ya jambo hili. Kituo cha Stanley Falls kilianzishwa mwaka 1883, karibu na maporomoko ambapo Wagenia huvua samaki hata leo kwa mitego yao mikubwa iliyotundikwa juu ya miti. Miaka minne baadaye, mwaka 1887, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip, tajiri wa Unguja, kuwa liwali wa mahali hapa. Na kwa njia ya watu wake lugha tunayoandika sasa ilikita mizizi kandokando ya mto. Wakati ule mali iliyotafutwa ilikuwa pembe za ndovu. Lakini mwaka 1888 mganga wa wanyama wa Belfast, jina lake John Boyd Dunlop, alipata hati ya uvumbuzi wa tairi la upepo. Baada ya muda mfupi Ulaya na Marekani zilikuwa zikipanda baiskeli, kisha motokaa, na zote zikataka mpira. Misitu ya Kongo ilikuwa imejaa mimea itambaayo yenye utomvu huo.

Yaliyofuata wengi wetu tumeyasikia kwa babu zetu. Dola Huru ya Kongo, ambayo kwa kweli ilikuwa mali ya Leopold mwenyewe, iliwatoza wanavijiji mpira. Kijiji kilichopungukiwa na kipimo, wanawake wake walikamatwa na kufungwa mpaka waume zao walete mzigo. Askari waliopewa risasi walitakiwa kuonyesha kwamba hawakuzipoteza katika kuwinda nyama. Na mahali pengi ushahidi uliotakiwa ulikuwa mkono wa kuume wa mtu aliyeuawa. Wengine waliwinda nyama hata hivyo, kisha wakakata mikono ya watu walio hai ili hesabu yao itimie. Angalieni jambo hili, ndugu wasomaji: risasi ziliandikwa moja moja. Watu hawakuandikwa.

Je, mnunuzi wa baiskeli huko London alijua? Hakujua. Muuza matairi alijua? Labda alijua kidogo, naye hakuuliza. Mfalme mwenyewe hakukanyaga Kongo hata siku moja ya maisha yake. Kati ya kijiji na tairi palikuwa na askari, mkuu wa kituo, kampuni yenye haki ya msitu, meli, ghala, dalali na kiwanda. Na kila mmoja aliweza kusema kwamba yeye alipokea tu mzigo kutoka kwa mwenzake.

Aliyevunja kimya hicho hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa karani kijana, Edmund Morel, mfanya kazi wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool. Kampuni hiyo ndiyo iliyochukua mizigo kati ya Antwerp na Kongo, na Morel alitumwa mara kwa mara Antwerp kuangalia mambo ya kazi. Hakuwa amefika Kongo, wala hakufika baadaye. Alisoma daftari tu. Katika safu moja aliona kinachoingia Ulaya: mpira na pembe, tani kwa tani, mali ya thamani kubwa. Katika safu ya pili akatafuta kinachokwenda Kongo kuwalipa wenye mali hiyo: nguo, chumvi, majembe, vyombo. Havikuwako ila kidogo. Kilichojaa melini kilikuwa bunduki, risasi na maofisa. Morel alijua kuhesabu. Watu watoao mali nyingi namna hii, wasipewe bidhaa wala fedha, wanalipwa nini? Jibu lilikuwa mbele ya macho yake: wanalipwa risasi.

Aliacha kazi mwaka 1901, akaanza kuandika. Mwaka 1903 Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alipanda mto akasikiliza watu vijijini, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1904. Mmisionari wa Kiprotestanti, mama Alice Seeley Harris, alipiga picha ambazo dunia haikuweza kuzikana. Mwaka 1906 Padre Arthur Vermeersch, Mjesuiti wa Ubelgiji, aliandika kitabu kuilaumu nchi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwapendeza Wakatoliki wengi wa huko. Mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia Kongo serikali ya Ubelgiji. Utawala wa kikoloni uliofuata haukuwa utawala wa haki, nasi twajua. Lakini dola ile ya mtu mmoja ilikwisha.

Leopold naye alifahamu nguvu ya daftari kuliko watu wote. Kabla ya makabidhiano ya mwaka 1908, nyaraka za Dola Huru zilichomwa moto huko Brussels, na inasimuliwa kwamba tanuri liliwaka muda wa siku 8.

Baada ya mpira ikaja michikichi. Mwaka 1911 kampuni ya William Lever, mtengenezaji sabuni wa Uingereza, ilipewa na Ubelgiji haki juu ya maeneo makubwa, mojawapo likiwa Lokutu, kwenye mto chini ya Kisangani, palipoitwa wakati huo Elisabetha. Kampuni ya Unilever iliyomrithi Lever iliyauza mashamba hayo mwaka 2009. Kisa cha sabuni ni kirefu, nacho chastahili kuandikwa peke yake siku nyingine.

Siku sita za Juni

Watu wazima wa Kisangani hawahitaji kukumbushwa habari za Juni 2000. Kwa ajili ya vijana na wasomaji wa mbali tueleze kwa kifupi. Tangu mwaka 1998 majeshi ya Rwanda na Uganda yalikuwa yameingia Kongo kama marafiki, yakiwasaidia waasi. Yakafika Kisangani, mamia ya kilomita kutoka mipaka yao, yakagombana hapa. Yalipigana Agosti 1999, tena Mei 2000, na mara ya tatu tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000. Maelfu ya makombora yaliangukia mji. Mitaa ya upande wa mto Tshopo, karibu na daraja, iliumia mno. Mamia ya raia walikufa, na waliojeruhiwa walikuwa wengi kupita hao. Wapiganaji wa pande zote mbili walikuwa wageni. Waliozikwa baada ya vita wengi walikuwa wenyeji.

Mwaka huo huo bei ya tantali duniani ilipanda mara kadhaa, maana watengenezaji wa simu na kompyuta waligombania kuinunua. Mwaka uliofuata ikaanguka. Hatusemi kwamba vita vya siku sita vilipiganwa kwa ajili ya koltani. Hapa Kisangani palikuwa na almasi zaidi, na palikuwa na ugomvi wa wakubwa juu ya nani atawale. Lakini ndege zilizoruka kutoka viwanja vyetu miaka ile hazikuondoka tupu, na kila mtu aliyekaa karibu na uwanja alizisikia.

Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 1304, lilisema kwamba Uganda na Rwanda zapaswa kulipa kwa ajili ya watu na mali ya Kisangani. Kisha Umoja ukaunda jopo la wataalamu wa kuchunguza jinsi mali ya Kongo inavyochukuliwa. Kwa mara ya pili katika historia yetu watu walikaa chini wakasoma daftari: hati za ndege, risiti za forodha, hesabu za nchi jirani zilizouza nje madini ambayo ardhi yao haitoi kwa wingi namna hiyo. Taarifa ya Oktoba 2002 ilitaja makampuni 85 yaliyodhaniwa kuvunja kanuni za biashara njema. Mengi yalikana, na katika taarifa ya mwisho ya mwaka 2003 mambo ya mengi yao yakaandikwa kuwa yamekwisha kusuluhishwa. Mtu asomaye taarifa hizo mbili, moja baada ya nyingine, ahisi kama mtu aliyeona wezi kwa taa, na taa ikazimwa.

Kongo iliishitaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa huko The Hague. Hukumu ya kwanza ilitoka tarehe 19 Desemba 2005: Uganda ina hatia. Kesi dhidi ya Rwanda haikusikilizwa, kwa kuwa Rwanda haikukubali mamlaka ya mahakama hiyo, na hivyo ndivyo ilivyoamuliwa Februari 2006. Miaka mingine 16 ikapita katika kubishana juu ya kiasi. Tarehe 9 Februari 2022 majaji walitaja fedha: dola milioni 325. Katika hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa, walioumizwa na waliofukuzwa makwao. Milioni 40 kwa ajili ya mali iliyoharibiwa. Na milioni 60 kwa ajili ya dhahabu, almasi, koltani, mbao na mali nyingine za asili zilizoporwa. Zilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65, kila mwaka fungu moja, tangu Septemba 2022.

Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Ilisema raia 180,000 waliuawa kwa makosa ya Uganda. Mahakama ilikubali kwamba hesabu yaweza kuwa kati ya watu 10,000 na 15,000. Kwa nini tofauti kubwa namna hii? Sababu yake majaji waliitaja tena na tena: ushahidi hautoshi. Walikiri kwamba katika vita ni shida kupata vyeti vya vifo, na kwa ajili hiyo walikadiria kwa jumla. Hata hivyo, aliyekufa bila kuandikwa mahali po pote alikuwa vigumu kumhesabu. Kisangani, ambako risasi za Leopold ziliandikwa na watu wasiandikwe, imejifunza somo lile lile mara ya pili, na mara hii mbele ya majaji waliokuwa tayari kusikiliza.

Kununua si kushiriki

Na makampuni makubwa ya simu na kompyuta, yamesema nini?

Kwanza yasemwe mema yao. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuyalazimisha makampuni yanayouza hisa zake huko kueleza kila mwaka kama bati, tantali, tangsteni na dhahabu wanazotumia zimetoka Kongo au nchi jirani. Tangu hapo yamekuwa yakichapisha majina ya viwanda vinavyowayeyushia madini. Mifuko ya koltani ilianza kufungwa kwa vibandiko vyenye namba. Hiyo ni daftari, nayo ni bora kuliko giza. Tena yasemwe madhara yake: Septemba 2010 serikali yetu ilisimamisha uchimbaji wote wa mikono katika Kivu na Maniema mpaka Machi 2011, na nyumba nyingi zilizokula kwa koleo na sururu zikalala njaa. Anayetaka kumsaidia mchimbaji kwa kukataa jiwe lake amwulize kwanza atakula nini.

Pia kibandiko chaweza kusema uongo. Mchimbaji auza kwa mchuuzi, mchuuzi auza kwa nyumba ya ununuzi, nayo yauza ng'ambo. Na kiwandani mawe ya mashimo mia huyeyushwa pamoja. Ukishayeyusha, hakuna awezaye kusema hii ni ya Rubaya na hii ni ya kwingineko. Na Rubaya ndipo penye machimbo makubwa ya koltani ya Kivu ya Kaskazini, yaliyotekwa na waasi wa M23 Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba waasi hao walitoza kodi kwa kila kilo, na mawe yakavushwa mpaka Rwanda na kuchanganywa na ya huko.

Katika Desemba 2019 familia za watoto waliokufa au kuvunjika viungo katika machimbo ya kobalti ya kusini zilishitaki huko Washington makampuni matano: Apple, Alphabet iliyo mama wa Google, Dell, Microsoft na Tesla. Kesi ilitupwa mwaka 2021. Wakakata rufani. Tarehe 5 Machi 2024 mahakama ya rufani ikasema hivi, kwa maana yake: kununua kobalti kwa njia ya wauzaji wengi waliofuatana si kushiriki katika shughuli moja na wale waliowatumikisha watoto.

Sisi si wanasheria. Huenda kwa maneno ya sheria ile majaji walisema sawa, wala hatuna sababu ya kuwashuku. Lakini twakumbuka yule muuza matairi wa mwaka 1900. Angeifurahia sana hukumu hii, angeitundika ukutani dukani mwake.

Na kuna jambo moja ambalo muuza matairi aliweza kulisema, na makampuni ya leo hayawezi. Yeye biashara yake ilikuwa matairi. Biashara yao ni kujua. Simu iliyo juu ya meza ya fundi wetu yajua iko mtaa gani. Programu zake zajua mwenyewe huamka saa ngapi, hupendezwa na nini, na hukawia kutazama picha ipi. Kijana wa Mangobo akitafuta usiku habari ya viatu, asubuhi aletewa matangazo ya viatu. Wenye kujua hayo yote juu ya mtu asiye na umeme nyumbani, ambaye hulipa kibandani ili betri yake ijazwe, wasema hawawezi kujua mfuko wa mawe umetoka shimo lipi. Twasadiki kwamba ni vigumu. Twauliza tu, wamelifanyia kazi jambo hilo kwa bidii gani, tukilinganisha na bidii waliyotumia kwa habari ya viatu?

Desemba 2024 mawakili wa serikali ya Kongo walifungua mashitaka Ufaransa na Ubelgiji juu ya matawi ya Apple. Kampuni ilikana vikali, ikasema imekwisha kuwaagiza wauzaji wake wasinunue tena madini hayo kutoka Kongo wala Rwanda. Jibu hilo laweza kuwa la kweli tupu. Lakini kwa mchimbaji mwaminifu wa Maniema, ambaye hajawahi kuona mwasi, lina maana gani? Kwake ni 2010 tena.

Daftari la nyumbani

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, kidole kikiwa kimenyoshwa kuelekea ng'ambo. Lakini siasa ya kwetu nayo ina daftari zake.

Septemba 2020 serikali ilianzisha malipo yaliyoitwa RAM, na herufi hizo, kwa Kifaransa, maana yake ni daftari la simu za mkononi. Kusudi lililotangazwa lilikuwa kuzuia simu za wizi na za bandia. Kila mwenye simu alikatwa unite zake: kama dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya kisasa, kidogo kidogo, bila kuulizwa. Mama aliyenunua unite ili azungumze na mwanawe aliye Kinshasa aliona zimepungua kabla hajasema halo. Basi watu wakafanya nini? Wakahesabu. Wanafunzi, wachuuzi, makarani, kila mtu alijua kwa hakika amekatwa kiasi gani na siku gani. Wakauliza kwa sauti, mpaka wabunge wakauliza: fedha hizi zimeingia mfuko gani? Waziri hakuweza kuwaridhisha watu, na mwanzoni mwa mwaka 2022 malipo hayo yakafutwa. Hatukumbuki mara nyingi ambapo kodi imefutwa katika nchi hii kwa sababu walipaji walijua hesabu kuliko mtozaji.

Sasa ziko fedha nyingine, nazo zahusu mji huu moja kwa moja. Fungu la kwanza la Uganda lililipwa Septemba 2022. Mfuko wa kugawa fidia, uitwao FRIVAO, uliundwa mwaka 2019, na makao yake ni hapa Kisangani. Tarehe 2 Septemba 2025 mahakama kuu ya rufani ya mwisho huko Kinshasa ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 ya kazi ngumu kwa habari ya dola milioni 19 hivi, zilizochukuliwa katika mfuko huo ili kujenga gereza Kisangani. Yeye alikana, akasema ni hila za siasa. Hatutaki kuongeza neno juu ya hukumu. Ila hebu hesabu iangaliwe: karibu theluthi moja ya fungu la mwaka mzima, fedha ya wajane na vilema wa Juni 2000, iliweza kuondoka mfukoni kwa saini, na mitaani wapo wanaongoja hata sasa.

Nao wanaongoja wafanye nini wakiwa wanangoja? Twashauri jambo dogo. Mwenye karatasi ya hospitali ya mwaka 2000, cheti cha kifo, picha ya nyumba iliyobomoka, au barua ya kazi ya marehemu, asimpe mtu ye yote karatasi yenyewe. Ampe nakala, naye adai risiti yenye jina na tarehe. Asiye na cheti aende parokiani, au kwa kanisa lake, au kwa imamu wake, akaulize kama vitabu vya ubatizo na vya maziko vya miaka ile vimehifadhiwa. Jina lililoandikwa kabla ya vita husaidia kuthibitisha kwamba mtu huyo alikuwako. Fundi wa simu sokoni aweza kupiga picha za karatasi zote na kuziweka mahali pawili, kwa bei isiyozidi ya mkate. Na mahali pasipo na karatasi kabisa, wazee waliokuwapo wakae na kijana mwenye mwandiko mzuri, waandike: jina, umri, mtaa, siku, na jinsi alivyokufa, kisha waweke sahihi mbele ya majirani wawili. Wafanye hivyo mapema, maana aliyekuwa na miaka 50 siku zile za makombora sasa amepita 75.